Niliuza baiskeli yangu tulipohamia kijiji cha ujamaa, ikaenda kutolewa mahari Susuni. Nilivyoifuata mpaka ikarudi

Wakuu, habari za humu ndani.

Wadogo wote marahaba, hata ambao bado hamjanisalimia. Wa rika langu sidhani kama mpo, na kama mpo basi mmejificha vizuri.

Leo mvua imenifungia ndani, nikasema acha na mimi nianzishe uzi. Ninayoandika ni kweli tupu. Mama Chacha yuko hapa pembeni anapepeta mtama, na mimi nikiandika huwa natamka kwa sauti, kwa hiyo nikitia chumvi nitaambiwa hapo hapo.

Mnisamehe herufi. Shule niliishia darasa la pili. Sikufukuzwa. Ng'ombe wa baba walinihitaji kuliko mwalimu, basi.

Twende kwenye stori.

Ujana wangu nilikwenda Kericho kuchuma chai. Vijana wengi wa kwetu walikwenda. Pale Sirari mpakani enzi hizo ukivuka hakuna anayekushangaa, maana nusu ya shangazi zako wako upande wa pili. Nilichuma chai mpaka vidole vikawa vyeusi kama vya fundi gereji, na jasho lile lote nililigeuza kitu kimoja tu.

Baiskeli.

Nyeusi, ya Mwingereza. Fremu nzito, breki za vyuma sio za waya, dainamo ya taa gurudumu la mbele, na kengele ambayo ukiigonga mtu wa mbele anakaa pembeni kabla hajajua kwa nini. Niliiendesha kutoka Kericho mpaka kwetu huku upande wa Machochwe, Serengeti. Mlimani nasukuma, mteremkoni naomba Mungu.

Niliipa jina Nyumbu. Usukani wake ulikaa kama pembe za nyumbu, na sisi tuliokulia pembeni ya hifadhi huyo mnyama tunamfahamu kuliko tunavyofahamu binamu zetu.

Wakuu, ile baiskeli ilifanya kazi. Ilibeba mahindi kwenda mashineni. Ilibeba beberu mzima, hai, kafungwa kwenye keria, anatazama nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Ilimbeba marehemu mama yangu kwenda zahanati, naye kwa hofu akanikumbatia usoni badala ya kiunoni, njia nzima naendesha jicho moja.

Ilikwenda hata kuchumbia.

(Ghati, ndiye huyo Mama Chacha, anasema hakunipenda kwa sababu ya baiskeli. Mimi naandika tu alichosema.)

Jumapili kabla ya kwenda kanisani naipaka samli ing'ae. Mbwa wote njiani walikuwa rafiki zangu.

Sasa ikaja habari ya vijiji.

Mliozaliwa juzi niwaeleze. Sisi tulikaa mbalimbali. Boma langu huku, la jirani ng'ambo ya bonde, ukitaka kumwazima jembe unaanza kwa kupiga kelele. Ikasemwa watu tusogee pamoja, tukae kwenye mstari, tupate shule na zahanati na duka. Mkutano ukaitwa. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa na mdomo mtamu, angeweza kumuuzia fisi majani. Akasimama.

"Ndugu wananchi! Kijijini kila kitu kitakuwa karibu! Shule karibu! Dawa karibu! Maji karibu! Duka karibu! Mtoto akilia dukani, mama anamsikia jikoni!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Na pale pale kwenye makofi ndipo akili yangu ya darasa la pili ikafanya kazi yake. Kama kila kitu kitakuwa karibu, baiskeli ya nini?

Simlaumu balozi. Hakusema uzeni baiskeli. Alisema yake, mimi nikamalizia mwenyewe kichwani.

Kulikuwa na kijana mmoja wa Nyangoto, ng'ambo ya Mto Mara, anaitwa Nchagwa. Nyangoto leo mnaijua kwa dhahabu. Wakati ule tuliijua kwa mihogo. Huyu Nchagwa alikuwa na mjomba wake kwetu, na kila akija kumsalimia mjomba, macho yanamsalimia Nyumbu. Alikuwa hajaoa, baba yake amemwachia ng'ombe, na kichwani mwake kuna upepo wa ujana.

Akaniambia, "Kaka Marwa, nipe hiyo, nikupe mtamba."

Mtamba ni ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Na kwetu sisi Wakurya, ukimwambia mtu achague kati ya mtamba na kitu kingine chochote, hujamuuliza swali. Mtamba atazaa. Atakayezaliwa naye atazaa. Mtu mwenye mtamba hata akikaa kimya watu wanamsikiliza.

Ghati akaniuliza jioni ile, "Baba Chacha, umefikiri?"

"Nimefikiri."

"Na shamba?"

"Shamba limefanya nini?"

Akanyamaza. Mwanamke akinyamaza namna ile, wakuu, mrudieni swali. Mimi sikurudia.

Nchagwa akaondoka na Nyumbu anayumba kama mlevi, huku mimi nyuma napiga kelele, "Mura! Breki ya nyuma kwanza! Ya nyuma!" Mura kwetu ni kijana, na kijana akawa anagonga kengele tu, mpaka bondeni, mpaka ng'ambo. Kengele ilipopotea nikarudi nikamtazama mtamba. Naye akanitazama. Hatukuwa na la kuzungumza.

Tukahama.

Kusema ukweli mengi yalikuwa kweli. Shule ilikuwa karibu, watoto wangu wote wamesoma pale. Duka lilikuwa karibu, tena karibu kiasi kwamba ukiwa kitandani unaweza kuona sukari haijaja. Majirani ndio walikuwa karibu kupita kiasi. Ukikohoa usiku, asubuhi unapewa pole na watu wa nyumba tano.

Mvua za kwanza zikanyesha, nikachukua jembe kwenda kulima. Nikatembea. Nikatembea. Jua likatoka, likanipita, likatangulia.

Wakuu, kila kitu kilisogea karibu isipokuwa shamba.

Shamba lilibaki kule kule nilikoliacha! Zamani nikiamka nakojoa kwenye mahindi yangu mwenyewe. Sasa kufika tu ni safari, nikifika nimechoka, nikianza kulima inabidi nirudi. Ngiri na nyani wakajua ratiba yetu. Sisi tukiondoka wao wanaingia, zamu kwa zamu, hatukugombana kwa sababu hatukukutana.

Kisha yakaja mavuno. Mahindi yale yote kichwani kwa Ghati. Kwetu mwanaume habebi mzigo kichwani, basi mimi nikabeba begani, gunia likanipinda shingo. Majirani zetu wenye baiskeli wanatupita na magunia mawili mawili. Mmoja, Wambura, ulimi wake haukuwa na kizuizi. Kila akitupita anagonga kengele.

"Marwa! Mtamba wako hajambo?"

"Hajambo."

"Mbona basi hujampanda?"

Na Ghati chini ya mzigo wake anacheka na Wambura, sio na mimi.

Hapo ndipo nilianza kuumwa ule ugonjwa ambao dawa yake haipo zahanati. Nikisikia kengele natoka nje. Nikiona alama ya tairi vumbini naifuata kwa macho mpaka inapoishia. Nilikuwa namkumbuka Nyumbu kama mtu.

Niongeze hapa kwamba yule mtamba hakuwa na kosa. Alizaa vizuri, ndama jike, mwekundu, paji la uso jeupe. Watoto wakanywa maziwa wakanawiri. Tatizo halikuwa ng'ombe. Ni vile tu huwezi kufunga gunia kwenye maziwa.

Kiangazi nikamwambia Ghati, nakwenda Nyangoto kumwomba Nchagwa.

Nikavuka Mto Mara suruali ikiwa kichwani, nikafika. Nikakuta Nchagwa ameoa. Mke wake, Bhoke, msichana mwenye maneno ya haraka, akanimiminia uji. Nikatazama chini ya ghala, nikatazama nyuma ya nyumba. Sioni kitu.

"Nchagwa, Nyumbu iko wapi?"

"Kaka, kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Kunywa uji."

"Nimekunywa. Iko wapi?"

Akakuna kichwa. "Kaka, imeoa."

Nikadhani uji una kitu. Ndipo akanieleza.

Kwetu watu wa msichana hawapelekewi ng'ombe wasiowajua. Wanakuja wenyewe bomani kwa mwanaume, wanaingia zizini, wanawatazama kwa macho, huyu twamtaka, huyu hapana. Sasa siku wakwe walipokuja, ng'ombe mmoja alikuwa ameanguka asubuhi ile ile kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Mahari ikapungua mmoja. Nchagwa akaomba muda. Baba yake Bhoke, Mzee Magaigwa wa Susuni, alikuwa ametembea mbali na miguu inamuuma. Hakutaka kusikia neno muda. Akageuza macho, akaiona Nyumbu chini ya ghala inang'aa.

"Na yule wa chuma?" akauliza.

Watu wakacheka, wakadhani mzee anatania. Mzee akasema, "Ana pembe, ana miguu, naona na mafuta anakunywa. Naye aje."

Ikaenda.

Bhoke akadakia, "Siku ile mume wangu alilia kuliko mama yangu."

"Nililia kidogo," Nchagwa akasema.

"Ulishika usukani mpaka wajomba zangu wakakubandua."

Nikamwambia Nchagwa, twende basi tukaombe, mimi na wewe. Akaruka kama kaumwa na siafu. Mwanaume akienda kwa wakwe kudai hata ng'ombe mmoja wa mahari, hata akiwa wa chuma, amesema kitu kimoja tu: chukueni binti yenu. Bhoke akamtazama. Nchagwa akasema, "Kaka, mimi huko sifiki."

Lakini mimi sikuwa nimeoa kwa Magaigwa. Mimi naweza kuuliza.

Nikaenda Susuni. Nikapita Tarime kwenye kahawa na migomba, nikawa naulizia njiani, na mtu wa kwetu ukimwomba njia anaanza kukuuliza ukoo, kwa hiyo nilichelewa. Nikafika. Nikasalimia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Machochwe."

"Machochwe! Miguu yako imekukosea nini?"

Nikacheka, lakini macho yangu yalikuwa yameshaiona. Wakuu, Nyumbu ilikuwa zizini. Ndani ya zizi, katikati ya ng'ombe, imefungwa kwa kamba kwenye nguzo. Samadi mpaka kwenye pedeli. Ndama wametafuna mipira ya usukani. Kuku kalalia mayai kwenye keria, ananikazia macho kama mwenye nyumba.

Nikasema, "Mzee, nimekuja kwa ajili ya ile baiskeli."

"Baiskeli ipi? Mimi pale naona ng'ombe."

"Ilikuwa yangu."

"Kila ng'ombe alikuwa wa mtu."

"Naomba uniuzie."

"Ng'ombe wa binti yangu hauzwi kwa mpita njia. Yuko hapo kwa ajili ya Mwita."

Niwaeleze hapo. Kwetu msichana anakuwa na kaka yake mmoja. Akiolewa, ng'ombe zake ndizo kaka huyo anaolea. Mwita alikuwa mdogo wake Bhoke. Kwa hiyo Nyumbu ilikuwa inasubiri kuoa mara ya pili! Ikitoka Susuni kwenda kwa wakwe wa Mwita, na kule wakawa na kijana wao wa kuoa, itaendelea kuoa hivyo hivyo mpaka Kisumu, mimi sitaiona tena.

Nikauliza swali moja la mwisho. "Mzee, anayeiendesha ni nani?"

Akanitazama kwa huruma. "Nyie kwenu mnapanda ng'ombe?"

Nililishwa vizuri, hilo lazima niseme, ugali wa mtama na maziwa mgando. Lakini niliondoka moyo uko chini. Mwita akasema ananisindikiza kunionyesha njia. Njia ilikuwa moja na nyoofu, nikajua ana jambo.

Tulipofika penye kona akasimama. "Kaka, mzee hawezi kukwambia. Wakwe wameikataa."

"Wamekataa?"

"Baba yake msichana ametuma maneno. Kasema chuma hakizai. Kasema akitaka maziwa akamue mnyororo?"

Nikajizuia kucheka maana kijana alikuwa karibu kulia.

"Sasa mzee hana ng'ombe mwingine wa kuweka?"

"Ng'ombe wengine ni wa mama wadogo, hawaguswi. Kwa Nchagwa hawezi kurudi, maana aliikubali mwenyewe mbele ya watu. Akisema leo sio ng'ombe, atakuwa amemtoa dada kwa mahari pungufu kwa mdomo wake. Anakaa tu anaitazama. Rika langu lote wameoa kaka, nimebaki mimi na baiskeli."

Halafu akasema polepole, "Mzee hauzi. Lakini akiona mtamba, atajua la kufanya. Usije na dume."

Nilirudi Machochwe karibu nikikimbia. Nikamweleza Ghati yote. Akasikiliza akiwa anakamua, hakugeuka.

"Huyu ninayemkamua hatoki hapa," akasema. "Watoto wangu wanamnywa huyu."

"Sikusema huyo."

"Basi nani?"

"Yule mdogo. Paji jeupe."

"Bado anakula majani ya kuchezea."

"Atakua."

Akakamua kidogo. "Na huyo ni wa nani hasa?"

"Ni mtoto wa baiskeli," nikasema.

Hapo akacheka mpaka maziwa yakamwagika pembeni. Kisha akafuta macho, akasema, "Akue. Lakini sikiliza, Baba Chacha. Ikirudi, cha kwanza kupanda juu yake ni mzigo wangu. Sio wewe."

Nikakubali haraka kabla hajaongeza sharti.

(Anasema angeongeza. Anasema alikuwa nalo tayari.)

Sasa kungojea ng'ombe akue, wakuu, sio mchezo. Kila anayekwenda mnada wa Tarime nampa salamu, ulizia kwa Magaigwa, je, imeoa? Anarudi: bado. Mwezi mwingine: bado, ila wamesikia kuna mkwe mwingine anafikiria. Nalala vibaya. Asubuhi namkatia mtamba wangu majani mazuri peke yake, natoa kupe kwa mkono, mmoja mmoja, watu wakasema Marwa amechanganyikiwa, anamlea ng'ombe kama bibi harusi. Hawakukosea sana.

Alipokuwa tayari nikachukua kibali cha kijiji, nikashika njia, yeye mbele mimi nyuma na fimbo.

Mnaijua historia yetu na wizi wa ng'ombe, sitaficha. Mtu mmoja, ng'ombe mmoja, anakatiza maeneo ya koo zisizo zake, hiyo ni kutafuta mishale. Na kweli, nilipokuwa nimevuka mto na kuacha Nyangoto nyuma, wakatokea wanaume kwenye vichaka, pinde na mapanga.

"Simama hapo! Mtamba wa nani huyo?"

"Wangu."

"Unampeleka wapi?"

Nikasema ukweli, maana uongo sikuwa nimeuandaa. "Nampeleka Susuni. Nikachukue baiskeli yangu iliyotolewa mahari."

Pinde zikashuka kidogo.

Mkubwa wao akasema, "Hebu rudia."

Nikarudia. Mmoja akakaa chini kabisa, upinde kauweka, anacheka ameshika tumbo. Mwingine akawa anamwita mwenzake aliyekuwa mbali, "Njoo usikie! Njoo! Mzee, mwambie na huyu!"

Mkubwa wao akafuta machozi. "Mwachieni. Mwizi angetafuta uongo wenye akili."

Kibali changu hakuna aliyekiuliza. Wakanisindikiza hadi mpaka wa eneo lao, wakanikabidhi kwa wa mbele yao na maneno yale yale, na wa mbele nao wakataka nirudie. Nilifika Susuni sauti imekauka.

Mzee Magaigwa alikuwa amekaa nje. Akamwona mtamba. Hakusema hata karibu. Akasimama, akamzunguka. Akatazama mdomo, akapapasa mgongo, akainua mkia, akaurudisha. Mwita alikuwa mlangoni, mdomo wazi.

"Huyu ametokea wapi?" mzee akauliza.

"Ni uzao wa yule ng'ombe niliyepewa na Nchagwa, mzee. Tulipobadilishana na hiyo baiskeli."

"Wa Nchagwa?"

"Mama yake ametoka zizini kwa Nchagwa."

Mzee akasimama wima. Nikaona uso unabadilika, kama mtu aliyekuwa anatafuta mlango gizani akaugusa. Akapaza sauti, majirani wakaja, wakeze wakatoka jikoni.

"Jamani," akasema, "siku ya mahari ya Bhoke ng'ombe mmoja alichelewa njiani. Leo amefika. Ametoka zizi lile lile. Mahari ya binti yangu imetimia."

Mzee mmoja akauliza, "Na yule wa chuma?"

"Huyo alikuwa amemshikia nafasi tu. Mwenye nafasi akija, si unampisha?"

Wakaitikia wote, ndiyo, unampisha. Hakuna aliyecheka. Kwa hiyo hakukosea siku ile, na hakuna aliyedaiwa, wala Bhoke hakutolewa kwa pungufu. Nilikuwa nimekuja na ng'ombe, yeye akaongeza maneno, na bila yale maneno ng'ombe peke yake asingetosha. Mwita hakungoja mwisho, alishapotea kwenye migomba kwenda kuwaambia wakwe zake kwamba ng'ombe amepatikana.

Tukamtoa kuku kwanza, kwa heshima. Tukaitoa Nyumbu. Ng'ombe mmoja akalia, sisemi ni kwa ajili yake. Mwita aliporudi tukaipeleka mtoni tukaisugua kwa mchanga mpaka weusi ukatokea. Matairi yalikuwa yamekufa. Dukani tairi ungezipata wapi miaka ile? Shangazi yao wa ng'ambo ya Sirari akatupatia, na zaidi ya hapo siandiki.

Mnyororo ukakubali. Kengele ikakubali. Nilipoigonga, wakuu, nilisikia Kericho, nikamsikia mama yangu, nikainama kama natazama spoku ili vijana wasinione uso.

Asubuhi naaga, mzee akanisindikiza. Tukafika mbali na nyumba. Akatazama nyuma, akatazama mbele.

"Marwa, mura."

"Naam mzee."

"Hicho kiti cha nyuma. Mtu anakaaje?"

Nikamwonyesha. Akakaa, fimbo mkononi, koti likakusanywa vizuri. Nikampeleka mpaka kwenye mti wa mbele na kurudi, polepole, halafu akasema, "Tena," nikampeleka tena. Mara ya pili alinyoosha mkono, akagonga kengele mwenyewe.

Kumbe alikuwa anataka kupanda tangu siku ya ghala! Ameiweka zizini miaka yote ile, anaitazama kila siku, na heshima yake mwenyewe imemfungia mlango.

Nikarudi nyumbani. Ghati alisikia kengele toka mbali, akatoka na kamba mkononi. Hakunipa hata maji. Tukaenda moja kwa moja shambani, mahindi yalikuwa yameshavunwa yanasubiri. Tukafunga magunia, moja juu ya keria, moja katikati ya fremu.

Njia nzima sikupanda, nilisukuma. Ghati alitembea mbele mikono mitupu, anairusha rusha kama msichana, anaimba, na kichwani hana kitu. Sikuwahi kumwona akitoka shambani bila mzigo tangu tuhame. Wambura akatupita, akagonga kengele yake. Mimi nikagonga yangu.

Somo langu ni dogo. Mtu akikuahidi vitu vingi vitakuwa karibu, usipige makofi kwanza, uliza ni kipi kitabaki mbali. Na kama umeshauza kitu na moyo unakusumbua, kifuate. Ila ukimkuta anayekishika, usianze na bei. Kaa, kula ugali wake, mpaka ujue yeye naye kakwama wapi. Yule mzee hakuhitaji hela. Alihitaji mtamba, na njia ya kusema hakukosea.

Nyumbu ipo mpaka leo, iko hapa sebuleni kwa sababu ya mvua. Imebadilishwa karibu kila kitu isipokuwa fremu na kengele. Nchagwa na Bhoke huja Krismasi, na Nchagwa lazima azunguke nayo mara moja kijijini kabla hajala.

Haya, nimechoka kidole. Aliyewahi kuuza kitu akakifuata, aandike hapa alikikuta wapi na kinafanya nini. Wakosoaji nanyi karibuni, mimi sina hasira za kwenye simu.

Na kabla hamjauliza: haiuzwi.